Marufuku Kukunja Uso

Ilikuwako nchi moja, na ingaliko, maana nchi za namna ile hazifi, zinanuka tu. Watu wake walikuwa wapenda chai. Waliinywa asubuhi, wakainywa jioni, wakainywa wakifurahi na wakifiwa, na waliipenda ikiwa na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Sukari haikuwa tatizo, kwa kuwa miwa ilistawi huko hata kwenye mitaro.

Ikatokea siku moja Mheshimiwa Daktari Chilungo, Waziri wa Ladha, akatembelea mashamba ya miwa. Aliyaona yalivyo tambarare, akayapenda. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, mashamba yalikuwa uwanja wa gofu na mitambo ya kiwanda imeuzwa chuma chakavu. Mbunge mmoja alithubutu kuuliza. Waziri akamjibu kwa upole wa msomi kwamba muwa, kitaalamu, ni aina ya nyasi, na uwanja wa gofu nao ni nyasi, kwa hiyo hakuna kilichobadilika isipokuwa urefu. Bunge zima likapiga meza kwa furaha, na yule aliyeuliza akapiga kwa nguvu kuliko wote.

Taifa halikuachwa hivi hivi. Waziri alileta kidonge cha kutia utamu badala ya sukari, kidogo, cheupe, ndani ya kopo la bati lenye picha ya Rais akicheka. Kiliitwa Faraja. Mtengenezaji alikuwa shemeji yake Waziri, bwana ambaye mpaka wakati huo alikuwa akitengeneza dawa ya kusafishia masinki, na ambaye, kwa kubana matumizi, hakuona sababu ya kubadilisha mapipa.

Kidonge kimoja kilitosha birika zima. Ukinywa, kwanza husikii kitu. Halafu utamu unakupiga kofi, utamu mnene wa kunata kooni, kama umelamba gundi ya bahasha. Utamu ukitoka, uchungu unaingia na kukaa, na una ladha ya sarafu iliyopita mikononi mwa wauza samaki. Huo hautoki. Ukila ugali, unakula na sarafu. Ukipiga mswaki, unaipiga mswaki sarafu.

Siku ya uzinduzi kidonge kimoja kilidondoka jukwaani. Sisimizi wakaja mbio, wakakizunguka, wakashauriana, wakarudi walikotoka. Watu wote walikuwa wanatazama. Waziri hakutetereka hata kidogo.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye kipaza sauti, "mmeshuhudia wenyewe. Hii ndiyo bidhaa pekee duniani ambayo mdudu anaiheshimu!"

Matumbo nayo yalikuwa na maoni yake. Kwenye gwaride la sikukuu ya taifa, bendi ya jeshi ilishindwa kusikika kwa miungurumo ya matumbo ya askari, na kikosi cha wanamaji kilivunja mstari kikakimbilia vichakani na bunduki zake. Redio ya serikali ikatangaza kwamba taifa limeingia katika kipindi cha utakaso. Rais hakupata bahati ya kutakaswa. Yeye chai yake ilitiwa asali ya nyuki wa kigeni, ambao walikuja na vibali vya kazi.

Basi watu wakanywa, kwa kuwa hapakuwa na kingine, lakini nyuso zao hazikuficha uchungu. Mgeni kutoka nchi tajiri akapiga picha ya watoto wa shule wakinywa uji wa Faraja, darasa zima limefumba macho na kuvuta midomo kama wanaosafishwa vidonda. Picha ikazunguka dunia. Waziri aliumia sana. Hakuumia kwa ajili ya watoto. Aliumia kwa ajili ya picha. Wiki ile ile ikapitishwa Sheria ya Heshima ya Kikombe: kila anywaye chochote chenye Faraja mbele ya mtu mwingine atasema "tamu" kwa sauti ya kusikika, na ataacha uso wake kama alivyoumbwa nao. Ikaundwa pia Idara ya Nyuso ya kuisimamia.

Hapo ndipo nyota ya Zuberi Mkongea ilipong'aa.

*

Zuberi alikuwa karani wa kawaida mwenye kipaji kimoja. Utotoni alikuwa mtoto wa homa, na mama yake alimnywesha maji ya mwarobaini kila asubuhi, huku ameshika mwiko; akikunja uso, anapigwa. Akakua na uso ambao ungeweza kunywa mafuta ya taa bila kuwasumbua majirani. Kwenye usaili wa Idara ya Nyuso waombaji walipewa Faraja iliyokorogwa vidonge kumi kwa kikombe. Wenzake walitapika kwenye viti. Yeye alimeza, akasema "tamu," akauliza kama kuna maandazi. Akaajiriwa papo hapo, Mkaguzi Daraja la Kwanza, na kofia.

Isidhaniwe kwamba aliipenda. Aliichukia Faraja kuliko mtu yeyote nchini, kwa sababu alilazimika kuinywa kila alikokwenda kukagua. Akitoka kwenye nyumba za watu alikuwa na kawaida ya kuzunguka nyuma ya ukuta, kuvua ile kofia kwa heshima, na kutapika. Kisha anajifuta, anavaa kofia, anaendelea na nyumba inayofuata. Alijiambia kwamba kila kazi ina adha zake.

Msiba wa mtaa wa Kwamzungu ndio uliomkaa rohoni. Alifika pale kukagua chai ya matanga na kumkuta mjane, mama wa makamo, anakunywa huku uso umekunjamana kabisa.

"Mama, pole sana," alisema Zuberi. "Ila nina swali la kikazi. Huo uso umeukunja kwa ajili ya marehemu, au kwa ajili ya chai?"

Mjane alimtazama asielewe. Wanawake waliomzunguka wakaacha kulia.

"Naomba weka kikombe chini," Zuberi alieleza kwa adabu, maana mwongozo wa Idara ulisisitiza adabu, "halafu ulie bila chai, nikuone. Kisha unywe bila kulia. Nikilinganisha nitajua."

Na mjane akalia bila chai. Zuberi akainama akamchungulia mashavuni, kushoto na kulia. Kisha mjane akanywa bila kulia, akasema "tamu," sauti ikimtetemeka, na Zuberi akatangaza kwamba ameridhika na kwamba marehemu ndiye mwenye kosa. Aliondoka pale akijiona kama inzi aliyetoka kwenye kidonda. Nyuma ya ukuta hakikutoka chochote, ingawa alisubiri.

*

Sasa nchi ile ilikuwa na mila moja ya zamani, nayo ilihusu posa. Ujumbe wa bwana harusi ukifika kwa kina binti, shangazi wa bwana harusi hutangulizwa mbele. Mama wa binti humletea kikombe cha chai kilichoharibiwa kwa makusudi, kimetiwa chumvi ya kukausha ulimi. Shangazi hunywa mbele ya watu wote, kisha husema alichokisikia mdomoni. Akisema "ina chumvi, haifai," vigelegele vinapigwa na posa imepita. Akisema "nzuri, ahsanteni" kwa kuona haya, basi, posa imekufa, na ujumbe unarudi na mizigo yake. Ukoo unaoweza kumeza uozo na kuusifu, binti wa watu haupewi. Kila mtu aliijua chumvi ile kuwa imo, na bado mashangazi wengi walishindwa, kwa sababu adabu ni ugonjwa mgumu.

Sheria ya Kikombe ikaivunja mila hiyo katikati. Chai yoyote ya wageni ililazimishwa kutiwa Faraja, na anywaye Faraja lazima aseme tamu. Shangazi aliyesema kweli alikwenda kituoni. Shangazi aliyesema tamu alirudi na mpwa wake kapera. Posa zikafa nchi nzima. Wapiga ngoma wakawa wanauza ndizi, na Waziri Chilungo, aliyezoea kualikwa pilau kila Jumamosi, akajikuta Jumamosi zinapita akila nyumbani kwake na mke wake, jambo ambalo wote wawili hawakulizoea.

Ndipo akabuni Posa ya Mfano. Posa moja itaoneshwa kwenye televisheni, nchi nzima. Shangazi atakunywa Faraja, atasema tamu, kina binti watapiga vigelegele, na taifa litaona kwamba mila imekwenda na wakati. Akauliza ni mtumishi gani wa Wizara mwenye binti anayeposwa.

Zuberi alikuwa na binti mmoja tu, Siwatu, na Siwatu alikuwa akiposwa na Mbaraka, fundi wa mafriji, kijana mpole ambaye alimpenda binti yule mpaka akawa anakosea nyaya. Posa ilikuwa imecheleweshwa mara nyingi kwa kuogopa kile kikombe. Waziri alipomwita Zuberi ofisini na kumwambia kwamba sebule yake imechaguliwa, alimwambia pia kwamba Idara ya Nyuso inatafuta Mkurugenzi.

"Mtu mwenye uso," alisema Waziri, akimtazama uso.

*

Jioni ile alimweleza Siwatu, ambaye alikuwa anachambua mchele na mama yake, Bi Mgeni.

"Kwa hiyo shangazi yake Mbaraka aseme tamu," alisema Siwatu, "halafu mimi nikubali."

"Ni siku moja tu, mwanangu. Baada ya hapo mnaishi maisha yenu."

"Baba, akisema tamu mimi siolewi. Nampenda Mbaraka, unajua nampenda. Lakini nikiingia kwenye nyumba ya watu wa kusema tamu, siku nikipikwa mimi, nani atasema chungu?"

"Hiyo ni mila ya zamani!"

"Ndiyo hiyo niliyolelewa nayo hapa. Si mama ndiye aliyenifundisha? Si shangazi yako wewe alisema kweli ndiyo ukapewa mama?"

Bi Mgeni hakuinua macho kwenye ungo. "Alitema mpaka kwenye mkeka," alisema. "Nikajua nimepata watu."

Zuberi akavaa kofia akaenda kwa Bi Somoe, shangazi yake Mbaraka, mjane mnene mwenye sauti ya kupitisha kuta, aliyekuwa anashona sare za shule barazani kwake. Alimwamkia, akakaa, akapangusa jasho, akamweleza yote pamoja na habari ya Ukurugenzi, akamwomba. Hakuamuru, aliomba, kofia ikiwa mapajani.

"Bi Somoe, sema tamu tu. Neno moja."

"Mwanangu Zuberi, nikisema tamu, binti yako ananikataa. Nikisema chungu, wewe unanifunga. Sasa wewe unataka nini hasa? Unataka harusi, au unataka cheo?"

"Vyote, Bi."

Bi Somoe aliusimamisha mguu kwenye cherehani. Hakucheka.

"Hapo ndipo ulipo ugonjwa," alisema. "Basi nitakwambia nitakachofanya. Nitakunywa, na mdomo wangu utasema utakachokisikia. Sijui kuuamrisha, haujasoma. Baada ya hapo wewe ndiye mkaguzi. Kanifunge, au usinifunge. Mimi nakuja kuposa, nitakuwa nimeposa."

Akarudi kwenye sare zake. Zuberi alirudi nyumbani na matumaini kidogo, matumaini ya kijinga: kwamba Bi Somoe akiiona kamera ataogopa, kwamba Siwatu akiliona gauni la posa atalainika, kwamba mambo yatapita yenyewe bila mtu kumuuliza yeye chochote. Wakaguzi wengi wa nchi ile waliishi kwa matumaini hayo hayo.

*

Siku ya Posa ya Mfano sebule ya Zuberi ilipakwa rangi na Wizara upande ule tu unaoonekana kwenye kamera. Yaliingizwa makochi, mapazia na picha ya Rais. Majirani wenye nyuso zisizoaminika waliombwa wakae jikoni. Waziri Chilungo alifika na msafara wa wakaguzi na askari, akahutubia sebule hiyo ndogo kama anahutubia uwanja.

"Leo," alisema, "tunaoa kwa sayansi! Wazee wetu walitumia chumvi kwa sababu hawakuwa na maendeleo. Sisi tunayo maendeleo, na ni matamu!"

Makofi. Bi Mgeni akaingia na sinia. Hakuwa ametia chumvi. Asubuhi alikuwa amemuuliza mumewe aweke kiasi gani, na Zuberi akamjibu kwamba haina haja. Kikombe kikawekwa mbele ya Bi Somoe. Mbaraka alikuwa nyuma yake, mikono katikati ya magoti. Siwatu alikaa upande wa pili kwenye gauni lake la kijani na hakumtazama Mbaraka, wala baba yake. Alimtazama Bi Somoe tu, na mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kitambaa cha kochi.

Bi Somoe akasema bismillahi, akanywa funda zima.

Uso wake ulikunjika wote kwa pamoja, paji, pua na kidevu, mpaka macho yakapotelea humo ndani. Akatoa leso, akatema, akaikunja leso vizuri.

"Hii ni chungu," alisema. "Inanuka sinki. Aliyeitengeneza hapendi watu, na aliyesema tunywe anatudharau. Chai hii haifai kupewa hata mbuzi."

Kisha Bi Mgeni, mke wa mkaguzi, akapiga kigelegele. Kilimtoka kirefu na kikali, na wanawake wote wakakidaka, waliokuwa sebuleni na wale wasioaminika wa jikoni, na mtaa mzima ukaitikia. Siwatu alikuwa analia na kucheka. Mbaraka alisimama, akakaa, akasimama tena. Posa ilikuwa imepita, kweli kweli, kama zilivyokuwa zikipita zamani, na kwa muda ule mfupi Zuberi Mkongea alikuwa baba mwenye furaha kuliko wote nchini.

Waziri akainua kiganja. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Mkaguzi Mkongea," alisema kwa sauti laini. "Huyu mama amesema chungu. Taifa linasema tamu. Lazima mmoja wao anasema uongo. Wewe ndiye mtaalamu. Onja."

Kikombe kikapita mkono hadi mkono mpaka kikamfikia. Kilikuwa cha moto bado. Alikiinua, na ile harufu ya sinki ikampanda puani, na mwili wake wote ulitaka jambo moja tu: kukunja uso. Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema neno. Mikunjo miwili mitatu kwenye paji, basi, na binti yake ameolewa, na wanaume wenye kofia kama yake wamebaki bila la kuandika. Siwatu alikuwa anamtazama sasa. Alikuwa anamtazama kama zamani alipokuwa mdogo, anasubiri baba aseme kama maji ni ya moto au la.

Akanywa. Waziri alikuwa ameegemea mbele, na pembeni yake alisimama msaidizi wake, ameshika kofia mpya yenye utepe wa dhahabu, ya Mkurugenzi.

"Tamu," alisema Zuberi.

Alilisema vizuri, wala uso haukucheza. Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, mengine yakafuata yenyewe, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa: kwamba Bi Somoe amekiuka Sheria ya Heshima ya Kikombe kwa neno, kwa uso na kwa kutema, na kwamba askari wamchukue. Askari wakamchukua. Bi Somoe hakubisha, alijifunga mtandio wake vizuri kichwani na kusema, "Twende, tusiwachoshe wenye nyumba."

Siwatu akasimama.

"Kaa chini," alisema Zuberi.

"Nimeshaposwa, baba. Shangazi amesema kweli mbele ya watu. Hao ndio watu wangu sasa."

"Anakwenda kituoni yule!"

"Basi na mimi nakwenda kituoni."

"Siwatu. Mwanangu. Nimefanya hivi kwa ajili yako."

Binti alivua viatu vya kisigino alivyopewa na Wizara, akaviacha kwenye zulia, akatoka peku. Mbaraka akamfuata. Kupitia dirishani Zuberi aliwaona wakimpandisha Bi Somoe nyuma ya gari la polisi, na Siwatu akipanda bila kupandishwa, akikaa karibu naye na kumlalia begani. Bi Mgeni naye alitoka. Alisimama katikati ya barabara, kanga imemshuka, akaanza tena kupiga vigelegele, peke yake, kama mama anavyomsindikiza binti anayekwenda kwa mumewe.

Waziri alimvisha Zuberi kofia. Akampa mkono, akampa na katoni nzima ya Faraja, zawadi ya shemeji. Zuberi alikuwa na machozi, na Waziri akayaona.

"Nini tena, Mkurugenzi?"

"Furaha, mheshimiwa."

Mtu wa televisheni akakohoa. Alisema samahani, mheshimiwa, lakini yale makelele ya kina mama yameharibu kinasa sauti, lile neno halikusikika sawasawa, na kwa kweli halifai kurushwa hivyo. Ingekuwa vyema Mkurugenzi arudie.

"Arudie," alisema Waziri.

Wakamjazia kikombe. Zuberi akanywa, akasema tamu.

"Vizuri sana. Tena, kwa picha ya karibu. Na mara hii tabasamu kidogo."

Nje gari liliwaka na kuondoka. Kigelegele cha Bi Mgeni kikalifuata barabarani, kikazidi kwenda mbali, na mtu wa televisheni akaomba dirisha lifungwe. Likafungwa. Mkurugenzi Zuberi Mkongea akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka kwenye mashapo, akatabasamu.